Kujiandaa na mtihani wa mchujo wa fizikia ukiwa huku Malindi au Lamu

Wadogo zangu wa fomu tatu na fomu nne, hii nawaandikia nyinyi mnaopenda fizikia mpaka mwataka kushindana nayo, manake kila mwanafunzi nikikutana naye huniuliza kwanza asome kitabu gani, na kitabu si shida kabisa, shida ni vile unavyosoma. Mtihani wa mchujo, yaani ule wa kuchagua watakaokwenda mashindano ya fizikia, hautaki vitu ambavyo KCSE yataka. KCSE pepa ya kwanza na ya pili ni maksi 80 kila moja kwa masaa mawili, na ukionyesha hesabu yako wapata maksi za njia hata kama jibu la mwisho limekosea. Kwa mchujo mara nyingi hakuna maksi za njia, ni jibu tu, na saa yakimbia.

Olimpiadi ya Kimataifa ya Fizikia ilianza 1967 kule Warsaw, Poland, na kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi watano. Wakifika huko hufanya pepa ya nadharia masaa matano na ya maabara masaa matano, kwa hivo kila nchi yahitaji namna ya kuwachuja watu. Marekani mchujo wao wa kwanza waitwa F=ma, maswali 25 kwa dakika 75, yote ya mekaniki, ya kuchagua jibu moja kati ya matano, na hayahitaji kalkulasi, yaani ile hisabati ya "calculus". Ule mtihani wenyewe ni wa wanafunzi wa kule, lakini pepa za miaka iliyopita ziko kwa intaneti bure, na hata kama mchujo wako ni mwingine kabisa, hizo ndizo ningekwambia ufanyie mazoezi. Ukipata bando pakua zote mara moja uweke kwa simu, au nenda saiba uzitoe kwa karatasi, manake stima ikipotea usiku karatasi bado yasomeka na taa ya chemli.

Sasa anza na mekaniki na ukae hapo muda mrefu kuliko unavyodhani. Mambo ya mwendo, sheria za Newton, nishati, momentamu, mzunguko wa duara na vitu kuelea mtayapata shuleni. Yatakayokosekana ni momenti ya inesia, yaani kipimo cha vile kitu kizima kilivyo kigumu kuanza au kuacha kuzunguka, halafu mvutano wa sayari na satelaiti, halafu springi na pendulamu kwa undani. Haya usingoje mwalimu wa darasa, mfuate ofisini umwambie nataka hivi na hivi, walimu wengi wa fizikia hufurahi sana wakiulizwa kitu nje ya silabasi.

Kitu ambacho nataka ukishike ni hiki: kabla hujaandika fomula yoyote, chora picha, halafu jiulize ni nini ambacho hakibadiliki hapa. Tuseme mkokoteni wa kilo 60 unateleza wenyewe kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, hakuna msuguano, halafu gunia la kilo 20 linadondoshwa juu yake wima. Mwanafunzi aliyezoea kukremu atakimbilia nishati manake fomula anaijua vizuri, na atakosa. Gunia na mkokoteni vinagandana, nishati nyingine inapotea kwa joto, lakini momentamu ya kwenda mbele haina pa kupotelea. Ilikuwa 120, inabaki 120, gawanya kwa kilo 80 unapata mita 1.5 kwa sekunde. Halafu angalia nishati ilikuwa jouli 120 na sasa ni 90, hizo 30 ndizo zimeliwa pale gunia lilipokuwa likiburuzwa mpaka likashika kasi ya mkokoteni. Ukielewa hilo swali moja umeelewa maswali mengi ya migongano, kwa kweli.

Njia ya pili ambayo watu huidharau ni kupeleka kitu mpaka mwisho wake. Kuna swali la zamani sana hupenda kurudi kwenye mitihani: mashua iko kwenye dimbwi dogo, ndani ina nanga, ukiitupa nanga majini, kina cha maji cha lile dimbwi kitapanda, kitashuka au kitabaki vilevile? Watu wengi husema kitapanda. Usibishane, chukua karai la maji, bakuli la plastiki linaloelea na jiwe, tia jiwe ndani ya bakuli, piga alama kwa kalamu pale maji yalipofika, halafu litoe jiwe ulizamishe. Maji yanashuka. Jiwe la gramu 500 likiwa ndani ya bakuli linasukuma maji ya uzito wake, yaani sentimita za ujazo 500, lakini likizama linasukuma ujazo wake tu, na kama densiti yake ni 2.5 hiyo ni 200. Tofauti ni 300, na karai lenye eneo la sentimita mraba 1000 litashuka milimita 3, kidogo lakini waiona ukiinama vizuri. Na kwenye mtihani huna karai, kwa hivo fikiria nanga ndogo kama kichwa cha pini lakini nzito ajabu: ikiwa ndani ya mashua inaizamisha sana, ikiwa chini majini haichukui nafasi yoyote. Jibu umelipata kwa sekunde kumi bila hesabu.

Pia angalia yuniti za majibu uliyopewa. Swali likiuliza muda na jibu moja wapo linatoa mita kwa sekunde, lifute hapo hapo. Wakikuuliza muda wa pendulamu kwenda na kurudi na majibu mawili yana masi ndani yake, hayo pia yafute, manake kilo haina pa kwenda kukatika. Saa zingine unabaki na jibu moja na hata hujakokotoa.

Sasa nije kwa mvutano, na hapa sisi watu wa Malindi tuna mfano wetu wenyewe. Pale baharini Ngomeni kuna majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti kutoka pale ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Kwa nini warushie huku kwetu? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, na ardhi yenyewe hapa inazunguka kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde, kwa hivo roketi yaanza na hiyo kasi ya bure, na mashariki kuko bahari wazi.

Jifanyie hesabu. Satelaiti iko juu kilomita 550, kasi yake ni ngapi na yazunguka kwa muda gani? Huhitaji kukumbuka G, ile namba ya mvutano, wala M, masi ya dunia, tumia ujanja huu: GM ni sawa na g mara R mraba. R, radiasi ya dunia, ni kilomita 6370, na r, umbali wa satelaiti kutoka katikati ya dunia, ni 6920, zigeuze ziwe mita, kasi ni kipeuo cha pili cha gR² gawanya kwa r, inatoka kama mita 7,580 kwa sekunde, na mzunguko mmoja ni kama dakika 96. Fanya mwenyewe kwa mkono mpaka itoke, halafu jiulize ukiipandisha juu zaidi kasi itaongezeka au itapungua, na usijibu kwa kubahatisha.

Makosa ya vipimo nayo huulizwa, msiyaruke. Funga nati kwa uzi wa mita moja, ning'iniza, pima kwa saa ya simu. Kidole chako kinachelewa tuseme sekunde 0.2, na mzunguko mmoja ni kama sekunde 2, kwa hivo umekosea asilimia 10. Pima mizunguko 20 pamoja, kosa ni lile lile 0.2 lakini sasa kwa sekunde 40, imekuwa asilimia 0.5. Na ukitafuta g kutoka hapo kosa la muda linazidishwa mara mbili kwa sababu T, yaani huo muda, ina mraba kwenye fomula, yaani asilimia 1.

Mazoezi yenyewe: wiki za mwanzo fanya swali moja moja bila saa, hata likikuchukua jioni nzima ni sawa. Usikimbilie jibu. Ukilikosa, andika kwa daftari sababu ya kukosa, si jibu sahihi, sababu, kama "sikuchora kani ya msuguano" au "nilichanganya radiasi na kipenyo". Baadaye ndio uweke saa ya dakika 75 na simu iwe mbali. Mkiwa wawili watatu kaeni barazani baada ya Isha kila mtu aeleze swali moja kwa mdomo, na mwenzako akisema hapo sijaelewa, mara nyingi hata wewe hapo hujaelewa. Mwezi wa Ramadhani wengi huona baada ya daku na swala ya alfajiri kichwa kiko wazi kuliko mchana wa joto, jaribu uone.

Ndani ya chumba cha mtihani, pita mara ya kwanza ukichukua rahisi tu, swali ambalo dakika moja na nusu hujaona njia liache utarudi. Na soma sheria za kukata maksi kabla ya siku yenyewe. Kama jibu baya halikatwi, usiache swali lolote wazi. Kama linakatwa robo maksi na majibu ni matano, kubahatisha ovyo hakukupi wala hakukunyimi, lakini ukishafuta mawili basi chagua, hesabu iko upande wako. Beba penseli mbili, saa ya mkono, na kalkuleta kama imeruhusiwa, ile ile uliyofanyia mazoezi. Kama watoka Pate au Faza na kituo kiko Amu mjini, nenda siku moja kabla ulale kwa jamaa, boti ya asubuhi yafuata maji na mtihani hautakungoja.