Kabla ya atachimenti ya fizikia: kwa anayeelekea maabara ya chuo kikuu Maseno, Njoro au Kakamega

Mwezi wa Mei ukikaribia, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, huanza kuulizana swali moja tu: umepata wapi? Wa uhandisi hutaja Olkaria na mitambo yake ya mvuke, wa biashara hutaja benki. Wa fizikia akisema amepata nafasi kwenye maabara ya chuo kikuu, wenzake humwonea huruma kidogo, kana kwamba amerudishwa darasani. Huruma hiyo usiipokee. Maabara itakufunza jambo ambalo mihadhara haigusi, kwamba kifaa hakijasoma kitabu chako na wala hakijui jibu unalolitaka. Ila yapo ya kuweka sawa kabla hujafika.

Makaratasi nayapitia mbio, maana idara yako itakusumbua nayo hata mimi nikinyamaza. Barua ya utambulisho, bima ya ajali inayofunika kipindi chote cha atachimenti, kitambulisho, na logibuku, kile kitabu cha kuandika kazi unazofanya. Kila karatasi ipige picha kwa simu. Logibuku isainiwe kila wiki, kwa sababu wasimamizi husafiri, na anayelimbikiza wiki tano huishia kumvizia profesa koridoni mwezi wa Agosti. Posho usiihesabu mpaka uione imeandikwa.

Malazi nayo yanataka hesabu. Maseno iko kilomita 25 hivi kutoka Kisumu, na Njoro iko karibu umbali huo kutoka mjini Nakuru. Kukaa kwa shangazi mjini kunaonekana bure mpaka ujumlishe nauli ya kwenda na kurudi siku tano kwa wiki, na matatu ya jioni ambayo haiondoki mpaka ijae. Anayekwenda Njoro abebe sweta nzito, maana Juni na Julai huko si mzaha. Wa Kisumu ajiandae kwa joto, na neti asiisahau.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Toa kichwani 9.81, ile namba ya mvutano wa dunia uliyoikariri kitabuni.

Nilipokuwa kwenye atachimenti yangu, siku ya pili nilipewa pendulamu. Nikaona nimedharauliwa: uzi wa mita moja, gololi na stopwochi, vitu vya shule ya upili! Nikapima mvutano wa dunia, ile g, yaani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa mita ngapi kwa sekunde kila sekunde, nikapata 9.77. Nikarudia, ikaja 9.79. Basi nikafanya tulichozoea kufanya sote mtihani ukikaribia: nikaugusa muda mmoja kidogo, jibu likatoka 9.81 safi, nikalipeleka kwa fundi wa maabara. Mzee yule hakuziangalia hata hesabu zangu. Aliniuliza, "Kijana wangu, ikweta inapita wapi?"

Inapita hapo hapo, karibu na Maseno, na watu hupiga picha kwenye alama yake. Dunia imefutuka kidogo kwenye ikweta, na mzunguko wake hupunguza mvutano zaidi huku kuliko kwingine. Ongeza kwamba tunaishi kwenye nyanda za juu, mbali kidogo zaidi na kitovu cha dunia. Kwa hiyo g ya Magharibi mwa Kenya na ya Nakuru ni karibu 9.78. Ile 9.81 ni ya London na majirani zake, walikoandikiwa vitabu vya mwanzo. Nilikuwa nimepima vizuri, kisha nikaharibu kwa mkono wangu.

Ona pia tofauti hiyo ilivyo ndogo, maana hapo ndipo matayarisho yanapohitajika. Kwa uzi wa mita moja, kati ya 9.81 na 9.78 kuna milisekunde 3 tu kwa kila mbembeo wa kwenda na kurudi. Kidole kinachobonyeza stopwochi huchelewa sekunde 0.2 hivi. Ukipima mbembeo mmoja, unapima kidole chako. Ukipima 100, tofauti inakua mpaka sekunde 0.3 na inaanza kuonekana. Lakini kosa la milimita 3 kwenye urefu wa uzi linaifuta yote, na milimita 3 au zaidi hupotea kwa urahisi mtu akipima uzi mpaka juu ya gololi badala ya katikati yake. Kabla ya kwenda, kaa chini urudie namna ya kukadiria makosa ya kipimo: lipi linatokana na urefu, lipi na muda, na lipi kubwa zaidi. Ukiweza hilo peke yake, umewazidi wengi wanaokuja wakizungumzia mashimo meusi.

Joto nalo ni hivyo hivyo: kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kisumu maji huchemka karibu digrii 96 za selsiasi, na Njoro, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu digrii 93. (Ndiyo sababu githeri ya huko inakula kuni na subira.) Mtu akitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka Njoro na kuandika 100, vipimo vyake vyote vya baadaye vimekaa upande.

Nunua kitabu chenye jalada gumu, kile cha dukani kinachoitwa kaunta buku, na kalamu ya wino. Penseli iache nyumbani. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, kwa maana mara nyingine kosa ndilo lilikuwa sahihi, kama 9.77 yangu. Andika tarehe, saa, joto la chumba, kifaa kipi, na stima ilipotea saa ngapi. Hiyo ya stima usiidharau. Ikirudi, kifaa huweza kuanza na mipangilio mingine kabisa, na usipoandika utakaa wiki nzima ukitafuta ugunduzi ambao haupo.

Na kuhusu stima, jua hili kabla hujakaa mbele ya osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Ukiona wimbi tulivu linalojirudia kila milisekunde 20, usimwite mtu kumwonyesha. Huo ni umeme wa ukutani unaoingia kupitia waya wako, na dawa yake huwa ni kuangalia waya wa ardhi na kufupisha nyaya. Ukiwa na nafasi, jifunze mapema kutumia multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, na kuchoma lehemu. Redio mbovu ya nyumbani inatosha, ilimradi usiifungue ikiwa imechomekwa, na ukumbuke kwamba kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Usalama utaelezwa siku ya kwanza, lakini kwa haraka, na wewe utakuwa bado unashangaa vifaa. Viatu vya kufunika vidole, rasta na nywele ndefu zifungwe nyuma. Kwenye leza, vua saa na pete, usiinamishe macho yafike usawa wa miale, na usome namba kwenye miwani: miwani iliyotengenezewa leza nyekundu huenda isizuie ya kijani. Ukikuta nitrojeni ya majimaji, ni ile ile ambayo mpandishaji ng'ombe huja nayo kwenye mtungi wake, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Watu huogopa baridi yake wakasahau kwamba lita moja ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, nayo husukuma oksijeni nje ya chumba kidogo kilichofungwa. Na swali la kwanza kuuliza ukiingia maabara yoyote ni swichi kuu iko wapi.

Kompyuta yako iwe na programu za kuchanganua data kabla ya safari. Kupakua Python kwa bando ni kuchoma nauli. Data iwe mahali pawili, na fleshi isiwe pahali pekee.

Watu: msimamizi wako ni Profesa au Daktari, huyo hutamkosea. Ukosefu wa adabu huonekana kwa fundi. Msalimu asubuhi kabla hujaomba kitu, mwite mzee au mama kulingana na umri, na umuulize kifaa kina tabia gani. Vifaa vina tabia, na huyo ndiye anayezijua.

Jumapili kabla ya kuanza, funga nati kubwa kwenye uzi, ining'inize mlangoni, hesabu mbembeo 100 na uandike ukurasa wa kwanza wa kile kitabu. Ukipata 9.6, iache ilivyo. Andika kando yake kwamba uzi ulikuwa wa nailoni na ulikuwa unanyooka.