Kuwaangalia ndege dirishani wakati wa theluji: mbegu, kilishio na jicho

Aliyekulia kwenye mpunga au mtama anaijua kazi ya kuamia: kukaa kwenye kichanja tangu alfajiri, kombeo mkononi, kuwafukuza kwelea wasimalize mavuno. Huku Marekani, iwe Ohio, Kentucky au Minnesota, kazi hiyo inageuzwa kichwa chini. Unanunua mbegu, unazitundika nje kwenye theluji ndani ya kilishio, yaani chombo cha kulishia ndege, unakaa nyuma ya kioo na kusubiri ndege waje wale. Majira ya baridi ndiyo wakati mzuri wa kuanza. Miti imepukutika, hakuna majani ya kujifichia, na ndege waliobaki ni wa aina chache ambazo mtu anaweza kuzijua zote kwa mwezi mmoja.

Mbegu

Anza na mbegu ndogo nyeusi za alizeti, zile zinazokamuliwa mafuta. Ganda lake ni jembamba kiasi kwamba hata ndege wa gramu kumi na kitu analipasua, na kiini kimejaa mafuta, ambayo ndiyo kuni za ndege usiku wa baridi kali. Mfuko wa pauni 20, yaani karibu kilo 9, unatosha kuanzia. Uweke ndani ya pipa la bati lenye kifuniko, maana panya hutoboa plastiki kwa usiku mmoja.

Jihadhari na mifuko ya mchanganyiko ya bei ya chini. Chukua konzi moja uitandaze kiganjani. Ukiona punje nyingi za mviringo, nyekundu-kahawia, huo ni mtama, ule ule tunaousaga kwa ugali. Ndege wengi wa mashariki mwa Marekani hawautaki. Wanaupangua kwa mdomo wakitafuta alizeti, unaanguka chini, unaota kuvu, na panya wanafuata. Pesa yako imeishia ardhini.

Chiriku wa njano wana mbegu yao, nyeusi na nyembamba kama kipande cha sindano, inayouzwa kwa jina la nyjer. Hiyo ni nug ya Ethiopia, zao la mafuta la siku nyingi, na huchomwa kwa joto kabla ya kuingizwa Marekani ili isiote. Shida yake ni kwamba inakauka upesi. Kabla ya kulaumu ndege, weka punje chache juu ya karatasi nyeupe uziponde kwa ukucha. Zikiacha doa la mafuta bado ni nzima. Zikitoa vumbi kavu, chiriku watatua, wataonja na kuondoka, na hawatarudi mpaka ubadilishe. Inahitaji kilishio chake chenye vitundu vyembamba, la sivyo inamwagika yote.

Kwa vigogota, nunua kipande cha mafuta magumu ya ng'ombe, yale ya kuzunguka figo, ukitie kwenye kizimba kidogo cha waya na kukifunga kwenye shina la mti. Siku za joto kiondoe, kwa sababu kinayeyuka na kugandisha manyoya. Karanga ziwe za kukaanga bila chumvi, na zenye dalili yoyote ya kuvu zitupe: sumukuvu inaua ndege kama inavyodhuru watu. Mkate acha, unajaza tumbo bila kumpa ndege nguvu anayoihitaji.

Mahali pa kuweka kilishio

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na kosa hili linagharimu uhai. Ndege hakioni kioo, anaona taswira ya miti na anga ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kwa kugonga majengo Marekani kila mwaka. Kwa hiyo kilishio kiwe karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asiwe amepata kasi ya kujiumiza. Au kiwe mbali, mita kumi na zaidi. Kati ya hapo ni hatari. Ukiona alama ya manyoya kwenye kioo, bandika vidoa au mistari upande wa nje, nafasi kati yake isizidi sentimita 5. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati ya kioo haisaidii kitu, ndege hupita pembeni yake.

Kindi ni fundi wa kuiba mbegu. Anaruka juu takriban mita moja na nusu na kwenda mbele zaidi ya mita mbili, tena akitokea juu huteremka mbali zaidi. Nguzo ya chuma ikae angalau mita tatu kutoka kwenye mti, ukuta au ukingo wa paa, na ivishwe bomba pana au koni ya bati ambayo sehemu yake ya juu iko mita moja na nusu hivi kutoka ardhini. Kupaka nguzo grisi ni kosa, kwa sababu grisi ikishika kwenye manyoya ya ndege haitoki, na ndege mwenye manyoya yaliyoshikana hufa kwa baridi.

Unaishi ghorofani? Vipo vilishio vidogo vya plastiki angavu vinavyonata kwenye kioo kwa vikombe vya mpira. Uliza kwanza kwa mwenye nyumba. Vikombe hivyo huanguka kwenye baridi kwa sababu mpira umekakamaa na kioo kina vumbi. Futa kioo kwa spiriti, loweka vikombe kwenye maji ya moto dakika chache, vikaushe, vibonyeze vikiwa bado na joto. Na usijaze kilishio mpaka juu. Weka mbegu za siku moja au mbili, kwani theluji ikiingia zinavunda.

Kisha vuta subira. Siku ya kwanza kimya, siku ya tano kimya. Wakati mwingine wiki mbili hupita kabla ndege wa kwanza hajagundua.

Mtazame anavyokula

Rangi peke yake hudanganya, hasa asubuhi ya mawingu. Namna ya kula haidanganyi.

Chikadii, mwenye kofia nyeusi na koo jeusi, huja mara moja, huchukua mbegu moja tu na kuondoka nayo. Mfuate kwa darubini mpaka kwenye kijiti: anaibana mbegu kwa vidole vya miguu yote miwili na kuipiga kwa mdomo kama mtu anayetwanga, mpaka ganda lipasuke. Nyingine haziliwi hapo hapo, anazificha kwenye nyufa za magome na kuzikumbuka baadaye. Usiku hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili kubana matumizi ya mafuta. Sikiliza pia sauti yake, chika-dii-dii: hatari ikizidi, dii zinaongezeka.

Nathachi ndiye yule anayeshuka shinani kichwa chini. Anachomeka mbegu kwenye ufa wa gome na kuipasua hapo.

Kadinali amepewa jina kwa wekundu wa mavazi ya makadinali wa Kanisa. Dume ni mwekundu mwili mzima na ana kishungi. Jike ni wa rangi ya udongo, mdomo wa chungwa. Hawa hutulia kwenye sinia la kilishio, wakisaga ganda kwa mdomo mnene bila kuhama, hivyo wanataka kilishio chenye kingo pana. Huwa wa kwanza kufika alfajiri na wa mwisho kuondoka. Columbus, Ohio, mwezi Desemba jua huzama saa kumi na moja na dakika chache jioni, kwa hiyo jaza kabla ya saa kumi.

Junko, kijivu juu na tumbo jeupe, hapendi kupanda. Analisha chini, anaruka nyuma kwa miguu yote miwili kuchakura theluji. Mwagie kiganja kimoja cha mbegu ardhini, si zaidi.

Vigogota wa aina mbili, mdogo na mkubwa, huchanganywa sana, maana madoa yao ni yale yale. Pima mdomo dhidi ya kichwa. Mdogo mdomo wake haufiki hata nusu ya urefu wa kichwa. Mkubwa mdomo wake unakaribia kulingana nacho. Mwenye doa jekundu kisogoni ni dume.

Wakati fulani bustani yote itanyamaza ghafla na kigogota atajibana kwenye shina bila hata kupepesa. Tazama juu, kipanga yuko karibu. Akizoea kuja kila siku, ondoa vilishio kwa wiki moja au zaidi, atahamia kwingine.

Usafi

Kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi ukiwa na ndege wengi, mwaga mabaki, sugua kwa sabuni, kisha loweka dakika kumi kwenye maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Suuza, kausha kabisa kabla ya kujaza. Usioshee kwenye sinki la jikoni. Mwaka 2021 salmonela iliyoenea kwa ndege wa vilishioni iliwafanya hata watu waugue, katika majimbo 12. Zoa na maganda ya chini pia.

Ndege aliyejifutua manyoya, anayesinzia kilishioni na haruki ukimkaribia, ni mgonjwa. Vivyo hivyo chiriku mwenye macho yaliyovimba na kutoa utando. Ugonjwa huo ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1994 pande za jiji la Washington, D.C. Teremsha vilishio vyote, osha, na usivirudishe kwa wiki mbili. Hawatakufa njaa. Katika hali ya kawaida sehemu kubwa ya chakula chao wanaitafuta wenyewe.

Kuhesabu

Kuna mpango wa Project FeederWatch, wa Maabara ya Ornitholojia ya Cornell na Birds Canada, unaopokea hesabu kutoka kwa watu wa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Februari kuna pia Great Backyard Bird Count ya siku nne, isiyo na ada, na dakika 15 zinatosha. Kanuni ya kuhesabu kilishioni ni moja: andika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, usijumlishe. Chikadii watatu saa tatu asubuhi na watano saa sita huandikwa watano, kwa sababu watatu wale wanaweza kuwa miongoni mwa hao watano.