Jinsi ya Kuomba Malipo ya Kuhifadhi Ardhi kwa Mkulima wa Marekani

Mkulima wa Marekani ambaye sehemu ya shamba lake inaliwa na mmomonyoko anaweza kulipwa na serikali kuu kila mwaka ili aache kuilima na badala yake aioteshe nyasi au miti. Mpango huo, uitwao CRP, ulianzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1985, na unasimamiwa na FSA, taasisi ya Wizara ya Kilimo inayohudumia wakulima kupitia ofisi za kaunti.

Anzia kwenye ofisi inayohudumia kaunti lilipo shamba, ukiwa na kitambulisho, nambari yako ya kodi, na hati ya umiliki au mkataba wa kukodi. Humo utaonyeshwa picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani, ambayo juu yake imechorwa mipaka na kila kipande kimeandikiwa nambari na idadi ya ekari. Usiipitie juujuu. Malipo huhesabiwa kwa ekari hizo, kwa hiyo kama kijito kimehama au kipande kinacholimwa kimeandikwa kuwa malisho, omba kisahihishwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa mujibu wa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, shamba linaloombewa linapaswa kuwa limelimwa angalau miaka minne kati ya sita, kuanzia 2012 hadi 2017, na kwa kawaida mmiliki awe amelimiliki kwa miezi 12 au zaidi. Utajaza pia fomu ya AD-1026, ambayo kwayo unaahidi kutolima ardhi inayomomonyoka kwa urahisi bila mpango wa hifadhi na kutokausha ardhi oevu ili kupanda mazao, pamoja na fomu ya CCC-941 inayohusu kiwango cha mapato yako.

Njia za kuingia ni mbili hasa. Ya kwanza hufunguliwa kwa muda maalumu na ni ya ushindani: kila ombi hupewa alama kwa manufaa yake kwa wanyamapori, maji, udongo na hewa, na gharama pia hupimwa, hivyo anayekubali kodi ya ardhi, yaani malipo ya kila mwaka anayolipwa na serikali, iliyo chini ya kiwango cha juu huongeza alama zake. Ya pili haina ushindani na inahusu maeneo madogo yenye manufaa makubwa, kama ukanda wa nyasi kandoni mwa mto. Mwenye kijito shambani, kwa maoni yangu, aiulizie hii kwanza, kwa sababu hutoa ukanda mwembamba tu na kubaki na shamba lake la mazao.

Usinunue mbegu wala kuotesha chochote kabla mkataba haujaidhinishwa, kwani kazi iliyotangulia idhini inaweza kukukosesha mchango wa serikali, ambao hufikia nusu ya gharama zinazokubalika.

Mkataba hudumu miaka 10 hadi 15. Serikali hukulipa kodi hiyo ya ardhi mara moja kwa mwaka, baada ya tarehe 1 Oktoba, na ukomo wake ni dola 50,000 kwa mtu mmoja. Katika muda wote huo ni juu yako kudhibiti magugu, na hupaswi kukata nyasi wala kulisha mifugo humo bila ruhusa. Anayevunja mkataba hurudisha fedha zote alizopokea, pamoja na riba na fidia. Ukiuza shamba, mnunuzi anaweza kuurithi mkataba. Asipokubali, deni hilo humwangukia muuzaji, na ndiyo maana kipengele hicho kiandikwe katika makubaliano ya mauzo kabla ya kutia saini.