Ukiambiwa "Mahogani", Uliza Ndani Kuna Nini

Kabati lililetwa kwangu limevimba miguu. Mama mwenye kabati alikuwa ameliona dukani limeandikwa "mahogani", akalipenda kwa wekundu wake, akalinunua. Kila alipopiga deki, maji yalilifikia chini. Nilipochokonoa pembe ya mguu kwa ncha ya patasi, zikamwagika chenga za mbao na gundi, zimelowa na kulegea. Juu yake palikuwa na karatasi nyembamba iliyochapwa mistari ya mbao.

"Fundi, sasa mahogani yenyewe iko wapi?" akaniuliza.

Ilinibidi nimweleze kuwa neno lile lilikuwa jina la rangi, si la mti. Aliondoka na uchungu, na mimi nilibaki na uchungu vilevile, kwa sababu nimeshawaeleza wengi jambo hilohilo wakiwa tayari wamelipa. Ndiyo maana naandika haya.

Majina ya samani hujibu maswali matatu: kitu kimetengenezwa kutokana na nini, kimeungwaje, na kinaonekanaje. Mnunuzi huambiwa jibu la swali la tatu akadhani amejibiwa la kwanza. Ukisikia neno lolote usilolijua, jiulize kwanza linajibu swali lipi.

Tuanze na mbao, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Mbao halisi ni ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, na ni ubao uleule kutoka juu hadi chini. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizobanwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatiza za tabaka la jirani. Ndiyo maana haipindi ovyo. Usiidharau. Plaiwudi nzuri hudumu kuliko mbao halisi iliyokaushwa vibaya. Chipubodi ni chenga za mbao zilizokandamizwa na gundi, na MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa laini kabisa kabla ya kukandamizwa. MDF hupokea rangi vizuri mno, lakini ukipiga parafujo kwenye ukingo wake hupasuka kirahisi, na bodi hizi mbili zikinywa maji huvimba na hazirudi zilivyokuwa.

Juu ya bodi hubandikwa ngozi ya kupendezesha. Vinia ni mbao halisi iliyokatwa nyembamba, mara nyingi haifiki hata milimita moja. Melamini ni karatasi iliyochapwa picha na kulowekwa kwenye utomvu wa kiwandani. Kwa hiyo muuzaji akisema "vinia ya mtiki" hajakudanganya, ila hajakwambia chini ya vinia kuna nini. Muulize.

Ukitaka kujua mwenyewe, vuta mtoto wa meza umtoe kabisa, umgeuze. Nyuma na chini hakuna aliyepamba. Angalia mistari ya ubao inapofika ukingoni: kwenye mbao halisi, mstari wa juu hushuka na kuendelea kwenye ukingo, na kwenye kichwa cha ubao utaona vinyweleo na sehemu za duara za umri wa mti. Kwenye bodi iliyovikwa, mistari hukatika ghafla pembeni na huanza utepe mwingine. Pitisha ukucha pale: ukikwama kwenye kijiukingo, huo ni utepe uliobandikwa. Tazama pia kama kifundo kilekile cha ubao kinajirudia sehemu mbili. Mti haurudii kifundo; mashine ya kuchapa ndiyo hurudia.

Neno "mbao ngumu" nalo lina mtego. Katika biashara ya mbao duniani, jina hilo hupewa miti ya majani mapana, na "mbao laini" ni za jamii ya misonobari. Balsa, ubao mwepesi unaotumiwa kuundia ndege ndogo za mfano, huhesabiwa kwenye kundi la mbao ngumu ingawa unaubonyeza kwa kidole. Kwa hiyo usitosheke na kundi, uliza jina la mti.

Ukiwa bado umeshika yule mtoto wa meza, mtazame pembeni ameungwaje. Akiwa ameungwa kwa pini na gundi tu, mbele itaachia siku utakapomjaza vitu vizito. Kiungo ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambacho meno yake hupanuka kuelekea nchani, kama mkia wa njiwa. Ukivuta mbele, meno yanazidi kukaza. Kwa miguu ya viti na meza, tafuta ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja imechongwa ulimi, ukaingizwa kwenye tundu la mwenzake. Lakini kuunganishwa kwa parafujo si aibu. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi samani wa zamani wa Ulaya, cha mwaka 1859, kiliundwa kwa vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, parafujo 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Samani za kujiunganishia nyumbani zina ukoo wa heshima.

Kwenye sofa, kinachobeba uzito huwezi kukiona, kwa hiyo maneno ndiyo macho yako. Utasikia "sponji ya kilo 30". Hiyo ni densiti, yaani mita moja ya ujazo wa sponji ile ina uzito wa kilo 30. Watu huielewa kama ugumu, na si hivyo. Ugumu ni kipimo kingine kabisa. Sponji inaweza kuwa laini ukiikalia na bado ikawa na densiti kubwa. Densiti ndiyo inayokwambia itachukua muda gani kabla ya kubonyea na kubaki shimo. Kwa kiti cha kukaliwa kila siku mimi sishuki chini ya 30. Sponji ya mgongo inaweza kuwa nyepesi zaidi.

Ngozi nayo: kuna ngozi halisi, kuna kitambaa kilichopakwa plastiki kikafanana na ngozi, na kuna ile ya katikati, mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi juu ya kitambaa. Hii ya tatu huuzwa ikiwa na neno "ngozi" ndani ya jina lake, na ndiyo ninayoletewa ikiwa imebambuka magamba. Siwezi kuirekebisha; naivua yote na kuvika upya. Kwa kitambaa cha kawaida, uliza namba ya Martindale, ambayo ni idadi ya misuguo kinachostahimili kwenye mashine kabla ya kuchakaa. Sofa ya familia yenye watoto iwe na 25,000 na kuendelea.

Kuhusu mitindo nitasema machache. "Kisasa" hutumiwa kwa kitu chochote kipya, lakini wabunifu wanapotaja mtindo wa kisasa huwa wanamaanisha mkondo ulioanza karibu miaka 100 iliyopita: mistari iliyonyooka, chuma, hakuna nakshi. Shule ya Bauhaus ya Ujerumani, iliyofunguliwa 1919 na kufungwa 1933, ndiyo iliyoupa nguvu. Na otomani ni kile kiti kisicho na mgongo unachowekea miguu.

Kwenye taa, wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni wingi wa mwanga, kelvini ni rangi yake. Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano wa kupumzikia, 6500 ni mweupe wa kuelekea bluu. Namba ikipanda, mwanga huitwa "baridi".

Mwisho vipimo. Upana ni kutoka kushoto hadi kulia, kimo ni kwenda juu, na kina ni kutoka mbele hadi nyuma. Kiti cha mezani huwa na kimo cha kama sentimita 45, meza 75, na nafasi ya kama 30 kati ya hivyo viwili ndiyo inayoyapa mapaja uhuru. Ukinunua viti na meza sehemu tofauti, pima nafasi hiyo kabla ya kitu kingine. Kwa sofa, pima kina na kimo chake, kisha upana wa mlango mtupu, bawaba na kitasa vikihesabiwa. Kama vipimo vyote viwili vya sofa vinazidi mlango, uliza kama miguu inafunguka. Nimewahi kuitwa kuukata mkono wa sofa mpya kabisa uliokwama mlangoni, mwenyewe amesimama pembeni ameshika risiti.