Maili zimejaa akauntini: tuanze kuota safari

Asalaam aleikum wanachama. Kuna wenzetu waliofanya kazi Ghuba au melini miaka mingi, na kila tiketi ya ndege ikawaachia maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri azitumie kupata tiketi nyingine. Sasa wana laki mbili, laki tatu, na hawajui wazitumie wapi. Somo hili ni lao.

Hatua ya kwanza: kalamu na karatasi. Simu iache kwanza. Ukianza na programu ya shirika, itakuonyesha viti vilivyobaki, nawe utachukua safari usiyoitamani. Andika moyo unataka nini. Sisi tuliketi barazani hapa Mkomani, Lamu, baada ya Isha, kila mtu akataja yake. Mmoja akataka Umra na mamake. Mwingine, mtu wa Malindi, akasema aifuate njia ya 1498, Vasco da Gama alipopata rubani Malindi akavuka hadi Calicut, ambayo leo ni Kozhikode. Bibi mmoja akachagua Beijing, kwa kuwa mwaka 1415 twiga alitoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa Uchina. Hizo ndizo ndoto zenye mizizi. Nazipenda kuliko wiki moja ya maduka.

Hatua ya pili: jua maili zako zinafungua milango ipi. Maili za shirika moja hukupandisha pia ndege za wenzake wa muungano. Kenya Airways imo kwenye muungano wa SkyTeam tangu 2010; humo wamo pia Saudia, KLM na Air France. Ethiopian na Turkish wako muungano wa Star Alliance. Qatar Airways iko muungano wa oneworld, na pointi zake ni Avios kama za British Airways, hivyo zaweza kuhamishwa kati ya akaunti hizo mbili. Kwa hiyo anayeota Umra asitazame shirika moja tu.

Hatua ya tatu: piga hesabu. Tiketi ya maili si ya bure. Kodi na ada hulipwa kwa pesa. Tuseme tiketi ni Sh 90,000, na kwa maili unatakiwa maili 40,000 na kodi ya Sh 30,000. Umeokoa Sh 60,000, yaani kila maili imekupa shilingi moja na nusu. Pigia hesabu hiyohiyo kila ndoto, kisha linganisha. Mara nyingi safari ndefu, hasa daraja la biashara, huipa kila maili thamani zaidi. Kubadilisha maili kwa birika au begi ni kuzitupa.

Hatua ya nne: wahi. Viti vya maili ni vichache kila ndege, na wakati wa Ramadhani na likizo za Desemba viti hivyo huisha mapema. Tafuta miezi mingi kabla, na uwe tayari kusogeza siku. Usiziweke tu: mimi nilingoja miaka mitatu, shirika likapandisha idadi ya maili, na safari ya watu wawili ikawa ya mmoja. Iliniuma sana.

Hatua ya tano: usisahau Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege. Ukitoka Lamu kwa tiketi nyingine, ndege ikichelewa, shirika la safari kubwa halina deni kwako. Lala Nairobi usiku mmoja kabla.

Maswali ya wanachama

*Bi wa Langoni: Mwalimu, maili ni za mume wangu. Naweza kusafiri nazo bila yeye?*
Ndiyo, bibi, mashirika mengi huruhusu mwenye akaunti amkatie mtu mwingine tiketi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

*Kijana wa Maweni, Malindi: Nina maili elfu 18 tu. Ninunue nyingine?*
La, mwanangu, usinunue kwa kubahatisha. Tafuta kwanza kiti chenyewe. Ukikipata na zimepungua kidogo, hapo linganisha bei ya kuzijaza na bei ya tiketi ya kawaida. Na uangalie tarehe ambayo maili zako zitakwisha muda.

*Mkaazi wa Shela: Mamangu ana miaka 74, magoti hayamruhusu. Nimpeleke Jeddah?*
Mpeleke, ndugu yangu. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi. Chagua ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, hata ikila maili zaidi. Na bandarini mtafutie boti yenye ngazi nzuri, maana kazi ngumu kwake itakuwa kuvuka kwenda Manda.