Somo: Jinsi ya kutazama filamu zote zilizoteuliwa Oscar ukiwa nyumbani kwako

Habari za jioni ndugu zangu. Nilipotaja hapa kwamba nimemaliza filamu zote 10 zilizowania tuzo ya Filamu Bora ya mwaka mmoja kwenye Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani, na kwamba kabla sijafa nataka niwe nimetazama zote tangu tuzo hizo zianze, wengi mliniomba niandike somo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Iringa. Nina simu, televisheni ya inchi 32 na waya wa kuviunganisha. Nitakayoyasema nimeyafanya kwa vitu hivyo.

HATUA YA 1: Amua "zote" ni zipi

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anasema "mwaka huu natazama zote za Oscar" bila kujua amejitwisha nini, na ikifika wiki ya tatu amechoka. Kuna safari tatu, kila moja na urefu wake.

Ya kwanza ni filamu 10 za kipengele cha Filamu Bora. Tangu sherehe ya 2022 idadi ni 10 kila mwaka. Kwa filamu za 1944 hadi 2008 zilikuwa 5 tu kwa mwaka, kwa hiyo ukirudi nyuma mzigo unapungua.

Ya pili ni filamu zote za mwaka mmoja katika vipengele vyote: ndefu, fupi, katuni, za makala, za kimataifa (yaani za lugha zisizo Kiingereza). Hizo huwa kama 50. Usiogope ukisikia teuzi zimezidi 100, maana filamu moja huingia vipengele vingi. Mwaka 2025 Emilia Pérez peke yake ilikuwa na teuzi 13. Wewe hesabu filamu, achana na teuzi.

Ya tatu ndiyo yangu: kila filamu iliyowahi kuwania Filamu Bora tangu sherehe ya kwanza, tarehe 16 Mei 1929, katika hoteli ya Roosevelt kule Hollywood. Zimeshapita 600. Ukitazama mbili kila wiki bila kukosa, ni karibu miaka 6.

Na mjue mapema kwamba safari hii ya tatu hakuna anayeweza kuifikisha mwisho kabisa. The Patriot ya 1928, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch, imepotea. Ilipata tuzo ya uandishi, ikawania Filamu Bora, na leo vimebaki vipande tu. Ndiyo pekee iliyopotea kati ya zote zilizowania tuzo hiyo. Nilipolijua hilo niliumia, kana kwamba nimepewa habari ya msiba wa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nimeiandika kwenye daftari langu, na mbele yake nimeacha mstari mtupu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni safari ya kwanza. Maliza 10, kisha uone kama moyo unataka zaidi.

HATUA YA 2: Fungua daftari, na uandike mwaka wa kila filamu

Filamu ya 2024 hupewa tuzo 2025. Orodha moja itaandika mwaka wa filamu, nyingine mwaka wa sherehe, na usipokuwa makini utaruka mwaka mzima ukidhani umeshaupita. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye utata zaidi: sherehe ya kwanza ilihusu filamu za kuanzia Agosti 1927 hadi Julai 1928. Mimi naandika mwaka wa filamu, basi.

Mwaka ni muhimu pia kwa sababu majina yanajirudia. A Star Is Born imetengenezwa mara nne: 1937, 1954, 1976 na 2018. Zilizowania Filamu Bora ni ya 1937 na ya 2018. Mimi nilitazama ya 1976 hadi mwisho, nikaiwekea alama, na miezi miwili baadaye ndipo nikagundua haikuwa kwenye orodha yangu. All Quiet on the Western Front nayo iko ya 1930, iliyoshinda, na ya 2022, iliyowania; zote mbili unazihitaji. Vivyo hivyo West Side Story, ya 1961 na ya 2021.

HATUA YA 3: Anza na zile ngumu kupatikana

Hii ndiyo hatua ninayoomba muishike kuliko zote. Kila mtu huanza na filamu kubwa zinazozungumzwa, kwa sababu ziko mbele ya macho. Lakini filamu kubwa haikimbii. Itakuwepo mwezi ujao na mwaka ujao. Zinazokimbia ni zile ndogo: filamu fupi, za makala, na za nchi ambazo hatuzisikii. Mara nyingi filamu fupi huwekwa YouTube bure kwenye msimu wa tuzo, kisha nyingine huondolewa. Siku majina yanapotangazwa, mimi natafuta fupi kwanza. Kwa kanuni za Oscar, filamu fupi haizidi dakika 40, majina ya mwishoni yakiwemo. Unaweza kutazama moja huku maharage yako jikoni.

Na niseme ukweli wangu: filamu zilizonibadilisha ziko kwenye kundi hili. Nyingi kati ya zile kubwa nimezipenda nikazisahau. Hizi ndogo bado natembea nazo.

Kwa wanaokwenda safari ya tatu, ugumu uko miaka ya 1930. Kuna filamu kama The White Parade ya 1934 ambayo nakala yake imehifadhiwa kwenye hazina ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na ya kununua dukani hakuna. Hizo weka ukurasa wake peke yake. Pengine siku moja mlango utafunguka.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya muda kwa uaminifu

Msimu wa 2025 majina yalitangazwa tarehe 23 Januari na sherehe ikawa tarehe 2 Machi. Ni siku 38. Filamu 10 ndani ya siku 38 ni moja kila baada ya siku tatu au nne, na mtu mwenye kazi na familia anaweza. Filamu 50 ndani ya siku hizo ni zaidi ya moja kila siku. Usijaribu. Jipe mwaka mzima, hakuna anayekudai.

Angalia na urefu kabla hujakaa. The Brutalist ni dakika 215, na ndani yake kuna mapumziko ya dakika 15 yaliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Gone with the Wind inakaribia saa 4. Hizo nazipangia Jumamosi ambayo sina madaftari ya kusahihisha.

HATUA YA 5: Lipia kwa zamu

Usilipie huduma tatu za filamu kwa pamoja. Lipia moja mwezi mmoja, tazama kila kilichomo kwenye orodha yako, sitisha, hamia nyingine. Andika pembeni ya kila filamu iko wapi kabla ya kutoa pesa.

Za zamani sana zinaendelea kuwa huru, yaani hazina tena mwenye haki wa kulipwa. Kila tarehe 1 Januari, Marekani inaachia haki za filamu za mwaka mwingine mmoja. Wings, iliyoshinda kwenye ile sherehe ya kwanza, imekuwa huru huko tangu 2023.

Kuhusu zile flashi za mtaani, mimi nimeacha. Nimekuta filamu zilizokatwa mwisho, nimekuta tafsiri ya filamu nyingine kabisa. Na nikiwaza kijana aliyeuza pikipiki yake atengeneze filamu fupi, mkono unakuwa mzito.

HATUA YA 6: Andika kabla hujalala

Mistari mitatu inatosha: nani alinigusa, picha gani imebaki kichwani, nisichokielewa ni nini. Usipoandika, ukifika filamu ya 40 zote zitakuwa uji mmoja.

Karibuni maswali.

---

SWALI (Mwanza): Mwalimu shukrani sana. Shida yangu ni bando. Filamu moja inakula kiasi gani?

JIBU: Kaka, inategemea ubora uliochagua. Netflix kwa ubora wa kawaida hula chini ya GB 1 kwa saa, ila ukiweka HD inaweza kufika GB 3 kwa saa hiyo hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya programu, shusha ubora, na usikubali ijichagulie yenyewe. Kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo. Kitu kingine: pakua usiku kwa kifurushi cha usiku, utazame kesho yake bila intaneti. Mimi bila vifurushi vya usiku nisingefika popote.

SWALI (Tabora): Dada mimi Kiingereza changu cha kuunga unga. Maandishi ya chini yananikimbia, nikiyasoma picha inanipita. Je, hii safari inanifaa?

JIBU: Inakufaa kabisa ndugu yangu. Kwanza, programu nyingi zina sehemu ya kupunguza kasi. Punguza kidogo tu, sauti haiharibiki sana na maandishi yanakaa. Pili, anza na zisizo na maneno. Flow, katuni kutoka Latvia iliyoshinda 2025, haina neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho: paka, mafuriko, mashua. Niliitazama na mama yangu ambaye hajui Kiingereza, na yeye ndiye aliyenieleza mambo niliyokuwa sijayaona. The Artist, iliyoshinda Filamu Bora ya 2011, nayo karibu yote ni ya kimya.

Halafu iko moja ambayo utaisikia kwa masikio yako mwenyewe. Watu Wote, filamu fupi iliyowania mwaka 2018, imezungumzwa kwa Kiswahili na Kisomali. Ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakaipiga Kenya, mwongozaji Katja Benrath. Inatokana na tukio la kweli la Desemba 2015, basi lilipovamiwa karibu na Mandera na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo.

SWALI (Nakuru): Mwalimu, hapo umenigusa. Kuna zingine za huku kwetu ambazo ziliteuliwa? Ningependa kuanza na hizo.

JIBU: Zipo nyingi kuliko tunavyodhani, na nafurahi umeuliza, kwa sababu mimi mwenyewe orodha yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Kwa kwenu kuna Out of Africa ya 1985, iliyoshinda Filamu Bora na tuzo nyingine 6, na The Constant Gardener iliyompa Rachel Weisz tuzo. Kwetu kuna Serengeti Shall Not Die, filamu ya makala ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyoshinda mwaka 1960. Kijana Michael Grzimek alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi hiyo ikiendelea, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nimewahi kusimama hapo na wanafunzi wangu kabla sijaiona filamu. Natamani ingekuwa kinyume.

Darwin's Nightmare, ya Mwanza na sangara, iliwania 2006 na ilizua mabishano makali nchini. Uganda kuna The Last King of Scotland, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya mwigizaji bora, na ya makala kuhusu Bobi Wine iliyowania 2024. Kongo kuna Virunga, kuna When We Were Kings kuhusu pambano la ngumi la Ali na Foreman pale Kinshasa 1974, iliyoshinda 1997, na kuna Soundtrack to a Coup d'Etat, yenye habari za Lumumba, iliyowania 2025. Rwanda kuna Hotel Rwanda.

Ila utagundua jambo ukizitazama kwa kufuatana: nyingi zimeongozwa na wageni. Kwa kushindania uteuzi wa Oscar, Kenya ilipeleka Nairobi Half Life, Tanzania ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Nchi zote mbili hazijawahi kuteuliwa kwenye kipengele cha filamu za kimataifa. Mimi hizo mbili nimeziingiza kwenye daftari langu ingawa hazimo kwenye orodha ya Oscar. Daftari ni langu.

SWALI (Dar es Salaam): Mkuu, ukikutana na filamu huipendi kabisa, unalazimika kuimaliza? Mimi nikichoka nazima.

JIBU: Kwa lengo hili, ndiyo, namaliza. Nikizima katikati siwezi kusema nimeitazama. Lakini sijilazimishi kwa usiku mmoja. Naigawa hata mara tatu. Na tusijione tunajitesa peke yetu: mwaka 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza kwamba mpiga kura hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Ilichukua zaidi ya miaka 90 kuandikwa kanuni hiyo. Ikiwa wao walihitaji kulazimishwa, sisi tunaojituma wenyewe tunastahili kusubiriana.

SWALI (Maskati): Assalaam aleikum mwalimu. Mimi nafanya kazi za ndani huku Omani, muda wangu ni nusu saa tu usiku kabla ya kulala. Nitaweza kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Utaweza. Vipengele vya filamu fupi ni vitatu, kila kimoja filamu 5, jumla 15 kwa mwaka, na nyingi zinaingia ndani ya nusu saa yako. Leo usiku anza na Watu Wote, ina dakika 22. Ukiimaliza niandikie hapa mistari yako mitatu, nitaisoma kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.