Ubuntu ikigoma kuwaka na kuishia kwenye initramfs

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) inaweza kuishia kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaotangulia kabla Ubuntu yenyewe haijawaka. Tafadhali usikimbilie kupiga mfumo upya, mafaili yako mara nyingi bado yapo. Andika exit, bonyeza Enter, na mistari itakayotokea itakutajia patisheni (sehemu ya diski) yenye hitilafu, tuseme /dev/sda2. Kama ni ext4 (mpangilio wa mafaili ambao Ubuntu hutumia kwa kawaida), andika amri hii ya kuikagua na kuikarabati:

fsck -y /dev/sda2

Hiyo -y inajibu ndiyo kwa kila swali la ukarabati, na maswali yanaweza kuwa mamia. Ikimaliza, andika reboot. Mafaili yaliyopoteza majina yatafute kwenye folda ya lost+found.

Ila ukiona maneno I/O error (hitilafu ya kusoma au kuandika), simama hapohapo: diski yenyewe huenda inakufa. Washa kwa flashi ya Ubuntu, unakili data kwanza.